Muulize Injinia: Mekatroniki au umeme?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu nusu yake zinauliza jambo moja, vijana wako na simu mkononi wanachagua kozi na wazee wako nyuma yao wanasukuma. Nimechukua moja nikaijibu kwa urefu manake imebeba maswali ya wengi. Zile zingine nne nimezijibu kwa ufupi huku chini.

Shikamoo Injinia. Mimi ni kijana wa Kilifi, nimemaliza fomu foo na alama zangu zinaniruhusu kuingia uhandisi, sasa nimegawanyika kati ya mekatroniki na umeme. Baba ni fundi wa wayaring na anasema nichukue umeme manake kila nyumba inataka stima. Mwalimu wangu wa fizikia anasema mekatroniki ndo dunia inakoenda, roboti na kadhalika. Binamu yangu aliye Nairobi ananicheka ati mshika mbili moja humponyoka, nitatoka huko sijui umeme wala sijui mashine. Mimi mwenyewe napenda vitu vinavyotembea. Mwaka jana nilimtengenezea mjomba mashine ya kuangulia vifaranga, mayai 120. Nilichukua mota ya waipa ya gari bovu nikaifunga igeuze trei, kwanza ilikuwa inaenda kasi mayai yanagongana, nikaipunguza, nikaiwekea mkono wa chuma kama ule wa kanyagio la cherehani ili trei iinuke upande mmoja na kurudi isizunguke yote, halafu ikawa inakwama kushoto nikahangaika siku mbili kumbe bawaba imepinda, nikatoa bawaba nikaweka beringi za skuta ya watoto, saa hii inageuka yenyewe kila baada ya saa nne laini kabisa. Wayaring ya balbu za joto alinifanyia baba. Joto tu ndo linasumbua, linapanda halafu linashuka sana. Nishauri. Kijana wa Kilifi

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kabla sijataja chuo chochote nataka nikuoneshe kitu ulichoandika mwenyewe bila kujua. Mota ya waipa, mkono wa chuma, bawaba, beringi za skuta, hayo yote umeyamwaga kwa sentensi moja ambayo haikutaka kwisha, mpaka nikajikuta natabasamu peke yangu. Umeme wa balbu umeupa sentensi fupi moja na kazi yenyewe ukamwachia mzee. Hiyo shikilia hapo, nitairudia.

Kwanza tuondoe ukungu wa majina. Watu wakiskia mekatroniki wanaona mtu wa chuma anapeana mkono kwenye maonyesho. Neno lenyewe lilitungwa Japani mwaka 1969 na Tetsuro Mori, injinia wa kampuni ya Yaskawa, akaunganisha makanika na elektroniki. Sasa Yaskawa ni watu wa nini? Mota. Yaani neno limezaliwa kwenye kiwanda cha mota, kwa watu ambao shida yao ni kuifanya mota iende hadi mahali fulani isimame papo hapo, si mbele wala nyuma. Kwa hivo kitu chochote chenye chuma kinachotembea, sensa inayoangalia kimefika wapi, na kompyuta ndogo katikati inayoamua, hiyo ni mekatroniki, awe roboti au awe trei ya mayai ya mjomba wako.

Umeme nao si kuvuta waya kwenye nyumba. Hapa naomba baba asinikasirikie, kazi yake naiheshimu na mimi mwenyewe nilianzia huko nikiwa kijana natoboa kuta za watu, lakini digrii ya uhandisi wa umeme inaenda kwingine kabisa. Ni transfoma, ni laini kubwa, ni relei za kulinda mitambo, ni mawimbi na mawasiliano, ni elektroniki ya kubadilisha umeme wa betri uwe wa nyumbani, na hesabu nyingi za vitu usivyoviona. Nakwambia hivi kwa sababu kuna vijana huingia umeme wakidhani watashika koleo kila siku, halafu semista ya kwanza ya sumaku-umeme inawakuta hawana pumzi.

Nikupe picha moja utaielewa haraka. Kule Loiyangalani, Marsabit, kando ya Ziwa Turkana, kuna mitambo ya upepo 365, jumla megawati 310. Kila mtambo unajigeuza kichwa kuufuata upepo, na mabawa yake yanajipinda kubadilisha pembe upepo ukizidi ili usivunjike. Ukiwa juu ya mnara ule, na giaboksi, na breki, na sensa za upepo, uko kwenye ulimwengu wa mekatroniki. Shuka sasa chini ufuate waya. Umeme unapandishwa na transfoma, unaingia laini ya kilovolti 400 inayokata jangwa zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa, na pale Suswa inakuja pia laini nyingine kutoka Ethiopia ya kilovolti 500, tena hiyo ni ya DC, mkondo wa upande mmoja kama wa betri, zaidi ya kilomita elfu moja. Mti ukianguka juu ya laini, nani akate, akate wapi, kwa milisekunde ngapi, ili nchi nzima isizimike? Hayo ni ya mtu wa umeme na mwenzake wa mekatroniki hapo atasimama kando. Mnara au laini, ukifumba macho unajiona wapi?

Chuoni wanavyosomesha, kwa Kenya zote mbili ni miaka 5. Mekatroniki ukitaka ya digrii majina yanayojulikana sana ni JKUAT kule Juja na Dedan Kimathi kule Nyeri, ya umeme iko vyuo vingi zaidi kwa hivo nafasi pia ni nyingi. Miaka ya mwanzo utaona hakuna tofauti ya maana, hisabati ni zile zile, fizikia, michoro, karakana, kupiga faili chuma mpaka vidole vinauma. Njia zinaachana kama mwaka wa tatu hivi. Wa mekatroniki anaongezewa nguvu za vyuma, mwendo wa mashine, majimaji, nyumatiki yaani kusukuma vitu kwa hewa ya kompresa, halafu sensa, programu, PLC yaani kompyuta ndogo ya kuendesha mashine za kiwandani, roboti. Wa umeme anazama kwenye mashine za umeme, laini, volti kubwa, mawasiliano. Mahali wanapokutana tena wote wawili ni kontroli, yaani kuifanya mashine ijirekebishe yenyewe. Na kontroli, mwanangu, ndo ile shida yako ya joto.

Hebu tuitatue hapa hapa nisije nikasahau. Mayai ya kuku yanataka kama digrii 37.5 kwa siku 21 kama mashine yako ina feni ndani. Wewe nadhani umeweka kidude kinachowasha balbu joto likishuka na kuzima likifika. Shida ni kwamba balbu ikizimwa bado ni ya moto, inaendelea kupasha, joto linapita, halafu linashuka, na kidude kinachelewa kujua kwa sababu nadhani sensa umeiweka ukutani au juu karibu na balbu. Ishushe iwe usawa wa mayai, weka feni ndogo ya kompyuta ichanganye hewa, na punguza wati za balbu, utaona mlima na bonde vinakuwa vidogo. Baadaye utafundishwa namna ya kuipa balbu nguvu kidogo kidogo kadiri joto linavyokaribia badala ya kuwasha yote na kuzima yote. Na siku ya 18 acha kugeuza trei, kifaranga anajipanga kutoka. Hilo mjomba analijua bila shaka.

Turudi kwa binamu na methali yake. Nikuhadithie usiku mmoja. Nilikuwa kiwanda kimoja cha unga huku Pwani, mimi ndo mtu wa umeme wa zamu, mashine ya kufunga pakiti za kilo mbili inazimika kila dakika kumi, ovalodi, ile swichi ya kulinda mota isivute umeme kupita kiasi, inakata. Nikafanya ninayoyajua. Nikapima ampea fezi zote tatu, zinalingana ila ziko juu kidogo. Nikatoa mega nikapima insulesheni ya mota, nzima. Nikasema basi ovalodi yenyewe mbovu, nikaitoa nikaweka mpya, ikakata. Unga umejaa kwenye matundu ya pua, meneja wa zamu anapita kila baada ya muda mfupi anakohoa tu hasemi kitu. Saa tisa za usiku akaja kijana wa makanika, akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye giaboksi, mpini akauweka sikioni kama daktari, akasikiliza, akaniambia mzee beringi imekufa. Tukafungua. Grisi imekauka imekuwa kama udongo, beringi inasaga mchanga. Mota ilikuwa inavuta ampea nyingi kwa sababu inabururwa, na ovalodi ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa, mimi muda wote nilikuwa namlaumu askari kwa kumshika mwizi.

Mwaka uliofuata ikawa zamu yao kuaibika. Mkanda unatakiwa usimame pakiti ikiwa chini ya bomba la unga, lakini mara unasimama mbele, mara nyuma, unga unamwagika. Watu wa makanika wakakaza cheni, wakabadilisha mkanda, wakashusha giaboksi, wiki nzima. Kumbe waya wa enkoda, ile inayohesabu mota imezunguka kiasi gani, fundi fulani aliupitisha trei moja na kebo nene ya draivu ya mota, unaokota kelele za umeme na kuhesabu mizunguko ambayo haipo. Tukauhamisha njia yake peke yake, skrini yake, ule wavu wa chuma unaoufunika waya, tukaifunga ardhini, basi. Hakuna nati iliyobadilishwa.

Sasa mwambie binamu hivi, mekatroniki ni kozi iliyotengenezwa kwa ajili ya usiku wa namna hiyo. Hakuna mashine iliyowahi kuharibika ikatoa tangazo kwamba leo nimeharibika kiumeme. Ila methali yake usiikatae moja kwa moja, kuna wahitimu wa mekatroniki nimewahoji kwa kazi wanajua kidogo cha hiki na kidogo cha kile, ukimpa mchoro wa saketi anatetemeka, ukimpa shafti akuambie unene wake unafaa anatetemeka pia. Huyo kweli moja limemponyoka, tena yote mawili. Wale wanaofaulu wote niliowaona walikuwa na mguu mmoja uliosimama imara na wa pili wa kuchezea.

Kwa upande wa kazi sitakuficha. Umeme mlango wake ni mpana. Kenya Power, KenGen, KETRACO, REREC, makandarasi wa majengo, sola, mawasiliano, viwanda, wote wanajua injinia wa umeme ni nani. Mekatroniki kwenye matangazo mengi hutaliona jina lake, utaona imeandikwa umeme au makanika au inayofanana nayo, na karani wa kuajiri anayepanga mafaili hajui kama yako inafanana. Unalazimika kwenye wasifu wako uandike wazi unajua nini, PLC gani, umewahi kuzindua mashine gani, usitegemee jina la digrii likusemee. Ukishaingia ndani ya kiwanda lakini, kwenye soda, saruji, mafuta ya kupikia, chai, au kreni za bandari pale Kilindini, hakuna anayekuuliza tena kozi inaitwaje, wanauliza mashine itawaka saa ngapi.

Kuna na mambo ya makaratasi ambayo vijana huyaruka. Kuitwa injinia Kenya ni kwa sheria, ile ya 2011, lazima usajiliwe na bodi ya mainjinia, EBK. Unaanza kama injinia mhitimu, unafanya kazi chini ya wakubwa miaka isiyopungua 3, ndo unaomba kuwa injinia kamili. Kwa hivo kabla hujabonyeza chaguo lako la KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, fungua orodha ya EBK uangalie kozi ile ya chuo kile imeidhinishwa, si chuo peke yake, kozi yenyewe. Usiulize kwa marafiki. Ya pili ni leseni ya kufanya kazi za wayaring kutoka EPRA, mamlaka ya nishati, ina madaraja yake, kuanzia yale ya nyumba ndogo mpaka mitambo mikubwa. Kama ndoto yako ni siku moja uichukue kampuni ya baba uifanye ya ukandarasi mkubwa wa umeme, basi digrii ya umeme njia yake imenyooka na ya mekatroniki itakuwa na maelezo mengi mezani. Hilo liulize nyumbani kwa upole, manake wakati mwingine mzazi anaposema soma umeme anasema njoo tufanye kazi pamoja ila hajui aanzie wapi.

Wengi wakiniuliza, yule ambaye kweli hajui anapenda nini, huwa namwambia achukue umeme. Sababu yangu ni moja tu, kutoka umeme kuingia mambo ya mashine kunawezekana, unachukua masomo ya hiari ya kontroli, unasoma PLC, unakaa kiwandani na makanika wanaokucheka mpaka unajua beringi. Mimi ndivyo nilivyofika hapa. Kutoka mekatroniki kwenda laini za kilovolti 400 ni mlima, manake hayo hujifunzi kwa kucheka na mtu karakanani.

Lakini wewe si yule asiyejua. Nimekwambia ushikilie pale mwanzo. Mtu aliyehangaika siku mbili na trei inayokwama kushoto, akagundua bawaba, akatafuta beringi kwenye skuta ya watoto, na bado akaandika kwa raha hivyo mwaka mzima baadaye, mimi simpeleki akakokotoe kuanguka kwa volti kwenye laini ndefu. Weka mekatroniki chaguo la kwanza na la pili, umeme weka la tatu, na ukiangukia umeme usilie, ingia. Ukienda mekatroniki kitu kimoja nakuomba, kila likizo kaa na baba wiki mbili ubebe begi lake la vifaa. Ile wayaring ya balbu, ifungue yote uifunge mwenyewe yeye akiangalia. Hapo ndipo mguu wako dhaifu ulipo na mwalimu wake unalala naye nyumba moja.

Habari za kazi Injinia. Niko Tanga, kijana wangu yuko kidato cha sita, PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Anataka mekatroniki tu na kuna wakala wa vyuo vya nje amemjaza maneno. Baba yake anasema asome umeme hapahapa Mlimani. Ada ya huko nje itabidi tuuze kiwanja. Mama wa Tanga

Salama mama, na pole kwa mvutano wa ndani ya nyumba. Kiwanja acha kwanza. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafundisha uhandisi tangu 1973 na umeme ni mojawapo ya zile kozi tatu za mwanzo pamoja na ujenzi na makanika, miaka 4 anamaliza. Halafu mtazame kijana na nchi yake ilivyo saa hii, treni ya SGR inayokwenda Dodoma inavuta umeme wa volti 25,000 juu ya kichwa chake, abiria wamepanda tangu 2024, na Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mashine 9 za megawati 235 kila moja, zote pamoja 2,115. Vitu hivyo vitataka watu wa kuvilea miaka hamsini. Tena treni yenyewe, milango, breki, mota zake, ni mekatroniki tupu, akiwa na digrii ya umeme hatazuiwa kugusa.

Kama bado anang'ang'ania nje, mwambie wakala akupe jina kamili la chuo na la kozi kwa maandishi, halafu ninyi wenyewe, si yeye, muulize TCU, tume ya vyuo vikuu, kama shahada ya chuo hicho inatambuliwa na muulize ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, kama atasajiliwa injinia akirudi. Majibu yakichelewa na pesa nazo zichelewe. Wakala akianza kusema nafasi zinaisha wiki hii, mshukuru kwa chai muagane.

Injinia, mimi ni msichana mwaka wa pili mekatroniki, nafaulu vizuri ila najihisi sijui kitu kwa kina. Wenzangu wa umeme wanajiamini, sisi kila semista tunaonja onja. Nihamie umeme?

Binti yangu, mwaka wa pili kila mtu hajui kitu, wale wa umeme wanajua kuongea tu. Usihame. Unapoteza mwaka na pengine unaacha kitu kizuri kabla hakijaiva. Fanya hivi, kabla mwaka wa tatu haujaanza chagua mguu wako, ama kontroli na programu, ama usanifu wa mashine, na masomo ya hiari, mradi, atachmenti, vyote viegemee huko.

Na atachmenti usikubali kukaa ofisini kupanga mafaili kwa sababu kuna kiyoyozi. Tafuta kiwanda cha chai au kinachosafisha maharage au kahawa, uombe wakuoneshe mashine ya kuchagua rangi. Punje zinaanguka kama mvua mbele ya kamera, kamera inaona iliyo nyeusi au jiwe, na kabla haijafika chini valvu ndogo inafunguka na kupiga pumzi moja ya hewa, ile mbovu inarushwa kando, nzuri zinaendelea. Yote hayo ni kufumba na kufumbua. Simama hapo uanze kujiuliza, punje inaanguka kwa kasi gani, kutoka kamera mpaka valvu ni sentimita ngapi, kompyuta ina muda kiasi gani wa kuamua, hewa ya kompresa ikishuka presha itakuwaje, vumbi likiganda kwenye kioo itarusha nini. Hayo maswali matano ni masomo yako matano yaliyokuwa yanakuudhi kwa kuwa madogo madogo. Fundi wa pale atakuambia valvu zinakufa moja moja na ikifa moja unaona mstari wa punje mbovu unapita katikati ya nzuri. Muombe aibadilishe wewe ukishika tochi.

Nina diploma ya umeme, leseni ninayo, miaka 34 na familia. Nirudi chuo nikaanze digrii ya mekatroniki?

Ndugu yangu, miaka mitano mingine na watoto wanataka ada, sikushauri. Unachokitaka nadhani si digrii, unataka uache kuitwa pale tu fyuzi ikikatika. Tafuta kozi fupi ya PLC na ya draivu za mota, na pale Dedan Kimathi kuna mafunzo ya vyeti vya mekatroniki vya Siemens, unapanda ngazi kwa ngazi na unaweza kupumua katikati. Anza na mashine iliyo mbele yako kazini, omba kitabu chake, kile ambacho mara nyingi kiko kabatini kwenye plastiki hakijafunguliwa tangu mashine ije. Kama baada ya hapo bado roho inadai digrii basi iwe ya umeme, diploma yako huenda ikakupunguzia safari, uliza chuo kabla hujalipa.

Injinia mambo, naanza mekatroniki Septemba, ninunue laptopu gani? Mjomba ameahidi kunipa pesa.

Poa. Chukua yenye memori ya giga 16 na hifadhi ya SSD, manake programu za kuchora mashine ni nzito na ukifungua modeli yenye vipande mia mbili ile ya giga 4 itakufa mbele ya mwalimu. Chapa usihangaike nayo, ya mitumba iliyotunzwa inafaa sana. Usimalize pesa yote hapo. Bakisha ya kununua mita ya kupimia umeme, ya chuma cha kulehemu saketi, na bodi moja ndogo ya Arduino ya kuchezea na mota. Sensa za bei rahisi utaziokota kwenye printa zilizotupwa, printa moja ya zamani ina mota mbili tatu nzuri na mkanda na shafti iliyonyooka kuliko utakayouziwa.

Mita iwe ile iliyoandikwa CAT III kwenye mwili wake, hilo ni daraja la usalama, na fyuzi zake ziwe za kweli. Zile za bei ya sahani ya chipsi tumia kupima betri za rimoti, usije ukachomeka waya zake kwenye volti 415.